Msalaba wa Iyodi na Mguu wa Papa Gakuru

Nyinyi vijana wa blauzi nyeupe, makoti ya waganga wa hospitali, mnaotoka shuleni na diploma zenye muhuri, kila Jumapili mnakuja kunisalimu na kuniuliza habari za neva kana kwamba mimi ndiye niliyezigundua. Kaeni basi. Chai ipo, maziwa yapo. Nitawajibu, ila mjue mapema kwamba mzee mliyemjia alijifunza mambo ya neva kwa kuharibu moja, na haikuwa ya kwake.

Tumalize kwanza maswali ya kila siku, maana wagonjwa wenu hawana jipya. Ni yale yale niliyoulizwa Kibabi kule Masisi wakati wa vita ya Wazungu, na baadaye Kalembe na Buleusa, kule msituni Walikale. Mtu akiumwa kiuno, ni mishipa. Akikosa usingizi, ni mishipa. Mke akimnunia, mishipa imempanda kichwani. Mama mmoja wa Kalembe alinijia mbio, mkono umekufa ganzi, analia kwamba wifi yake amemroga. Nikamwuliza alilalaje. Kumbe alikuwa ameulalia mkono huo huo usiku kucha, na mtoto mgonjwa juu yake. Nikamwambia neva ikikandamizwa hunyamaza, ikiachiwa hulalamika, avumilie kidogo tu. Sijamaliza kusema, vidole vikaanza kumwasha. Akaenda zake akitangaza njia nzima kwamba nimeushinda uchawi wa wifi. Mimi sikumkatalia. Sifa nilikuwa napenda sana enzi hizo, na mtaona ilinipeleka wapi.

Na swali wanalolipenda kuliko yote ni hili: neva ina sindano yake? Hapo sasa.

Sindano ililetwa kwetu na buba. Watoto walikuwa wamejaa vidonda, mpaka nzi wanawajua kwa majina. Tukawachoma sindano chache, vidonda vikakauka, na watu wakaona kwa macho yao. Tangu siku hiyo kidonge kikawa kitu cha kuchezea watoto, dawa ikawa sindano. Mtu akitembea nusu siku kutoka milima ya ng'ombe, ukampa vidonge, alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akavitia mfukoni, kisha akageuka na kuteremsha kaptura bila kuambiwa. Usipomchoma alikwenda kukusema sokoni.

Aliyenifundisha kuchoma alikuwa Papa Zakaria, yaani Mzee Zakaria, muuguzi, infirmye kama tulivyoitwa, mwenye tumbo na sauti. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: "Kijana, choma pale nyama iko mingi." Ya pili: "Mugonjwa akilalamika, umuambie dawa iko natafuta ugonjwa." Kwa sheria hizo mbili alifanya kazi miaka mingi na akapewa medali. Sheria ya kwanza haikumletea taabu kwa sababu wagonjwa wake walikuwa makarani na wapishi wa Wazungu pamoja na wake zao, watu wenye nyama ya kutosha kuficha makosa ya infirmye. Mimi nilipelekwa Kibabi peke yangu, kwenye dispanseri ya matope na mabati, na huko juu watu hawakuwa wameumbwa hivyo.

Papa Gakuru ndiye aliyekuwa mkavu kuliko wote, mifupa na ngozi tu. Alikuwa mfugaji wa mlimani, mrefu, miguu mitupu ya kwenda na kurudi. Kila asubuhi alishuka na vibuyu vya maziwa, akauza, akapanda tena kabla jua halijakaza. Kanisani alikuwa mshiriki wa Meza ya Bwana, na kwa watu alijulikana kwa jambo moja tu: maziwa yake hayajawahi kuonja maji. Mama akisema "haya ni ya Gakuru", hakuna aliyeyachungulia.

Alinijia na homa ya kutetemeka. Dawa ilikuwa kinini ya sindano. Nilimsimamisha, akaegemea meza, kama tulivyozoea, maana foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa hodari wa haraka. Nilijivuna kwamba nilimchoma mtu kabla hajamaliza kufungua mkanda. Nikatafuta pale penye nyama mingi. Kwake hapakuwapo. Iliyokuwapo kidogo ilikuwa katikati, basi nikachoma katikati.

"Yesu!" Papa Gakuru alipiga kelele. "Munganga, moto! Moto iko nashuka mpaka kwa kidole kikubwa!"

Nikamjibu kwa sauti ya Papa Zakaria: "Ni dawa, Papa. Iko natafuta ugonjwa."

"Ugonjwa iko kwa kichwa," alisema huku ameng'ang'ania meza. "Juu ya nini inaitafuta kwa muguu?"

Foleni ikacheka. Nami nikacheka, nikasukuma dawa mpaka bomba likaisha. Sasa sikilizeni, maana hili hamtalipata vizuri kwenye daftari zenu. Mgonjwa akisema moto unashuka mguuni, unachomoa. Hapo hapo. Hujibu, hucheki, hufikirii foleni, unachomoa. Mshipa mkubwa wa neva unapita katikati ya tako ukielekea mguuni, mnene kama kidole, na wewe umeupiga. Mimi niliupiga na nikaumwagia kinini.

Siku ya pili alirudi. Alikuwa anatembea kama jogoo kwenye majani marefu yenye umande: goti juu, kisha mguu unaanguka, pa, vidole kwanza. Akiambiwa auinue, anautazama mguu kama mtu anayemwita mtoto asiyesikia. Nikampaka mafuta ya kafuri, nikamfunga bendeji kubwa nzuri, nikamwambia arudi baada ya wiki. Mtaniuliza, ulijua? Nilijua. Nilijua kama unavyojua umeacha mlango wazi nyumbani, na hutaki kurudi kuangalia.

Wakati ule kulikuwa na kazi ya barabara, ya lazima. Kila mwanaume aliyeandikwa alitoka na jembe, na kapita, msimamizi wa kazi, alipita nyumba kwa nyumba. Akamkuta Papa Gakuru amekaa nje ya zizi, mguu umenyoshwa. Akamleta mpaka mbele ya dispanseri yangu, na bwana ajenti wa serikali akaja mwenyewe. Alikuwa Mzungu kijana, kaptura imepigwa pasi, jasho linamtiririka, barabara yake imechelewa.

"Munganga," akasema, "hii mutu iko mugonjwa ao iko muongo?"

Niliinama nikauangalia mguu kwa uangalifu wa kitaalamu. Nikaugeuza huku na huku. Hakuna uvimbe, hakuna usaha, hakuna jeraha.

"Sioni kidonda, Bwana," nikasema.

Ni kweli, sikuona kidonda. Maishani mwangu sijawahi kusema kweli chafu kuliko ile. Papa Gakuru alinitazama, akingoja niendelee, na mimi nikaingia ndani kuchemsha sindano ambazo zilikuwa zimekwisha kuchemka.

Walimlaza mbele ya mstari wa wenzake wakampiga fimbo. Halafu akapelekwa kuponda mawe wiki mbili, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kukaa. Nilifunga dirisha, na bado nilizisikia zote. Niliona haya. Lakini haya yangu haikumtoa mtu barabarani, kwa hiyo msinihurumie.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa, Papa Yohana, alisimama mbele ya washiriki akalisoma jina la Gakuru. Ametengwa na Meza ya Bwana kwa kosa la uongo, mpaka atakapotubu. Papa Yohana alikuwa mtu wa suti moja na hukumu nyingi, na aliisoma polepole ili hata waliokaa nyuma wasikie. Baada ya hapo watoto wakaanza kumwiga Papa Gakuru njiani, pa, pa, pa. Na akina mama walionunua maziwa yake miaka yote bila kuchungulia sasa wakawa wanatumbukiza kidole na kuonja kwanza.

Daktari alipita kukagua baada ya miezi miwili. Alikuwa Mbelgiji mwenye nyusi nene na matusi ya Kifaransa, mtu wa kazi. Alimwona Papa Gakuru anapita uani, pa, akamwita. Akamlaza, akamwambia afumbe macho, akamgusa mguu kwa pamba. Anasikia? Hasikii. Akachukua pini. Akaichomeka juu ya mguu mpaka damu ikatoka.

Papa Gakuru, macho yamefumbwa, akauliza kwa adabu: "Dokta, mumeisha kuanza?"

Daktari akaichomoa pini. Kisha akamwuliza kama alipata kupigwa sindano.

"Ndiyo, Dokta. Munganga alinichoma, dawa ikatafuta ugonjwa mpaka kwa kidole. Haiyaipata bado, naona."

Daktari hakunigombeza mbele ya wagonjwa, na kwa hilo ninamshukuru. Alinivuta ndani ya chumba cha dawa, akafunga mlango, akasema: "Vua." Nikavua. Akachovya pamba katika iyodi, akanichora tako msalaba, mstari wa kushuka na mstari wa kukata, ukawa na vyumba vinne. Halafu akachukua penseli na kunidunga chumba kwa chumba. "Hapa, hapana. Hapa, hapana. Hapa, hapana kabisa, mjinga. Hapa, juu, upande wa nje: ndiyo." Sijasahau hata kimoja. Wanangu, mna picha za rangi vitabuni, mimi nilichorwa mwilini.

Nanyi shikeni hayo. Mgonjwa alale kifudifudi, vidole vya miguu vimegeuzwa ndani, nyama ilegee. Chumba cha juu, cha nje. Vuta kidogo uone kama damu inakuja. Mtu mkavu kama Papa Gakuru, au mtoto, mwache tako lake kwa amani, nenda kwenye paja, mbele kwa upande wa nje. Na anayeweza kumeza, ameze.

Adhabu yangu ilikuwa hii: tangu siku ile, kila tako nitakalolichoma nilichore kwanza msalaba wa iyodi. "Nikija tena," alisema daktari, "nitaangalia matako, si daftari."

Na Papa Gakuru? Daktari alimwandikia ajenti barua. Ajenti akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, na jina la Gakuru likafutwa kwenye orodha ya barabara. Yakaishia hapo. Ajenti hakutaka ijulikane kwamba amempiga fimbo mtu mwenye mguu uliokufa. Daktari hakutaka watu waogope sindano. Mimi sikutaka kuvuliwa blauzi. Tulikuwa watatu, kila mmoja na sababu yake safi, na mtu wa nne aliendelea kuitwa mwongo kila Jumapili. Daktari aliniambia tu, akiwa anapanda gari, kwamba mambo ya kanisa si kazi ya serikali. Nikafurahi kusikia hivyo.

Sasa sikilizeni upumbavu wa dunia. Watu walipoona ninawachora msalaba kabla ya kuwachoma, walifikiri msalaba ndio dawa. Watu wa misheni wakafurahi mno: Munganga wa Kibabi ameongoka, dawa zake zimebarikiwa. Wakaja kutoka mbali. Wengine waliomba msalaba tu, bila sindano, kwa sababu ya kikohozi. Mama mmoja akaniomba nimchore mbuzi wake.

Papa Yohana alikuja na homa yake, akasimama mlangoni na suti yake. "Munganga, sisi hatuko Wakatoliki. Usinichore musalaba." Nikamwambia haina shida, Papa. Nikamchora mstari mmoja wa kushuka. Tukaongea kidogo habari za mvua na mihogo. Nikamchora mwingine wa kukata. Akachomwa, akaenda zake na imani yake salama.

Mwenzangu wa dispanseri nyingine, nusu siku kwa miguu, akaona wagonjwa wake wanamkimbia. Akaanza naye kuchora. Nilipopata habari kwamba anachora vizuri sana, nilikwenda kumtazama. Kweli, misalaba yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Na alikuwa anachoma pale mistari inapokutana, katikati kabisa, kwa maana hapo, aliniambia, ndipo penye nguvu. Nilimkamata mkono. Nikamwonyesha chumba cha juu cha nje, nikamwambia daktari ameamuru hivyo. Akaniuliza sababu. Hapo palikuwa mahali pa kumweleza habari ya Gakuru, mtu mmoja tu, mwenzangu wa kazi, milango imefungwa. Nikamwambia: "Ni amri tu."

Papa Gakuru mwenyewe hakukaa kulia. Alichukua ile kamba ya ngozi ya kufungia miguu ya ng'ombe wakati wa kukamua, akaipitisha mbele ya mguu karibu na vidole, akaivuta juu na kuifunga chini ya goti. Kamba ikauinua mguu pale neva ilipokataa. Akarudi mlimani na vibuyu vyake. Daktari alipokuja tena, aliishika ile kamba, akaigeuza, akauliza ni fundi gani ameitengeneza.

"Ng'ombe, Dokta," Papa Gakuru akasema. "Anapenda kupiga teke, njo nikajua kumufunga."

Siku hiyo daktari alinifundisha jambo ambalo naomba mlishike kuliko sifa zangu zote. Neva iliyoumia, kama haikukatika kabisa, huota tena kutoka juu kushuka chini. Lakini huota polepole, mwezi mzima ni upana wa vidole viwili tu. Unamlaza mgonjwa, unagonga kwa ncha ya kidole njia nzima ya neva kutoka pajani ukishuka. Mahali neva ilipofikia, mgonjwa atahisi siafu wanamtembea kuelekea mguuni. Unaweka alama. Mwezi ujao unagonga tena.

Tukafanya hivyo, mimi na Papa Gakuru, kila mwezi. Mimi nagonga, yeye anasikiliza mguu wake. "Bado. Bado. Bado, Munganga. Hapo! Siafu!" Walianza juu pajani. Miezi ikapita wakafika nyuma ya goti. Wakapinda upande wa nje, chini ya goti, wakaanza kushuka. Aliwapenda siafu wale. Na kila mwezi alinishukuru, na mara nyingine aliniachia kibuyu cha maziwa mezani. Niliyanywa. Yalikuwa mazuri, hayana maji.

Mtasema, kwa nini hamkumpasua? Swali la upasuaji huniletea kicheko. Miaka ya baadaye, nikiwa Buleusa, kijana mmoja alijikata kifundo cha mkono kwa panga akifyeka shamba. Nilimsindikiza hospitalini, nikaruhusiwa kusimama nyuma ya daktari na kushika vyombo. Nikaiona neva kwa macho yangu: nyeupe, imekatika vipande viwili vimerudi nyuma kila kimoja upande wake. Daktari akaviunganisha kwa uzi wa hariri mwembamba kuliko unywele, mafundo madogo madogo, pumzi ameibana. Nje mjomba wa kijana alikuwa anangoja na kitu amekifunga kwenye jani. Alinipa kwa heshima. "Munganga, tumeleta mushipa wa kutia pale. Ni ya mboloko. Anakimbia sana."

Mboloko ni yule paa mdogo wa msituni. Nilimweleza kwamba neva haina spea, na ya mnyama haiingii kwa mtu. Hakuridhika. Vidole vya kijana vilirudi baada ya muda mrefu, viwili vizuri, kimoja nusu, na mjomba hadi leo, kama yu hai, anasema tulimdharau mboloko wake. Kwa hiyo mtu akiwauliza kama neva iliyoshonwa itarudi sawa, mwambieni kweli. Hurudi polepole, mara nyingi hurudi nusu, na pengine hairudi. Msimwahidi ili mpate sifa.

Turudi Kibabi. Ulipita mwaka mmoja na nusu hivi. Asubuhi moja Papa Gakuru alilala pale kitandani, nikamwambia ainue kidole kikubwa, kama nilivyomwambia kila mwezi kwa mazoea tu. Kidole kikainuka. Kikatetemeka, kikashuka, kikainuka tena. Tulikitazama wote wawili. Kisha akacheka kama mtoto, na mimi nikageukia dirishani nikajifanya natafuta pamba.

Baada ya wiki kadhaa aliifungua ile kamba ya ngozi, akatembea bila kuburuta sana. Nikafikiri mambo yamekwisha yenyewe. Mjinga mimi. Papa Yohana alimwona anatembea, na akajua mara moja maana yake: mwongo amechoka kudanganya.

Papa Gakuru aliniletea habari hiyo mwenyewe. "Wanataka nisimame siku ya Mungu, niseme nilidanganya. Nikisema, nitarudia Meza ya Bwana. Lakini nikisema, njo nitakuwa nimedanganya kweli." Akauangalia mguu. "Munganga, we unaujua huu muguu kupita mimi. Utabaambia kama ulikuwa umekufa?"

"Tutaona, Papa," nikasema.

Hakutaka niseme nani aliuua. Hakujua. Aliomba neno moja tu, na mimi nikamwambia tutaona.

Jumapili ile kanisa lilijaa, maana watu hupenda kuona mtu anatubu. Papa Gakuru alisimama mbele, amejipaka mafuta, shati limefungwa hadi shingoni. Papa Yohana akamwuliza: "Unakubali ya kama ulidanganya?"

"Hapana."

"Muguu ilikuwa imekufa, leo iko natembea. Nani aliifufua? We uko Lazaro?"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, lile la makarani na waalimu, nimevaa viatu. Nilimwangalia Papa Gakuru wakati wanamcheka. Hakuwa na hasira. Aliangalia chini, akauvuta ule mguu nyuma kidogo, kama anauficha. Sikuweza tena kukaa. Si ushujaa, msinipambe. Ni kwamba kukaa kulikuwa kumekuwa kugumu kuliko kusimama.

"Muguu ilikufa kweli," nikasema. "Ni mimi niliiua."

Nikasema yote. Sindano, moto ulioshuka, kicheko changu, bomba nililolimaliza. Nikasema nilivyomjibu ajenti kwamba sioni kidonda. Nilisema mpaka midomo ikakauka. Kisha sauti ikatoka upande wa akina mama: "Na ile musalaba?"

"Ile ni alama ya kunikataza nisiwaue na ninyi."

Papa Yohana, mbele ya kanisa zima, mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya suti, ukapapasa.

Siku hiyo hiyo walimrudisha Papa Gakuru kwenye Meza ya Bwana, na wakanitenga mimi. Ilikuwa haki. Hakuna aliyesema neno juu ya fimbo, wala juu ya watoto waliomwiga, wala vidole vilivyotumbukizwa katika maziwa yake. Waliimba wimbo mmoja wakaenda kula.

Jumatatu nilifungua dispanseri nikitegemea kukaa peke yangu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Wa kwanza, mwanaume mwenye shingo nene, akaniinamia sikioni: "Munganga, ile sindano yenye iliua muguu ya Gakuru, njo minataka. Minyoo yangu iko na nguvu." Nilimfukuza. Akaenda kulalamika kwamba dawa kali ninawawekea jamaa zangu.

Papa Gakuru alikuja wiki hiyo hiyo. Homa ilikuwa imempanda tena, macho mekundu. Hakupanga foleni, alikaa pembeni mpaka watu wakaisha, kisha akaingia na kukaa kwenye kiti changu, na mimi nikabaki nimesimama.

"Muguu yangu ilikufa mwaka muzima na nusu," akasema. "Ilikuwa imechomwa, njo sababu. Ulimi yako, yenyewe nani aliichoma?"

"Niliogopa, Papa."

"Uliogopa nani?"

"Ajenti. Daktari. Watu wa kanisa."

Akafikiri. "Na mimi, haukuniogopa?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na mazoea. "Hapana, Papa. Wewe hukuwa mtu wa kuogopwa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeguswa mahali penye siafu. Hakusema amenisamehe, na nyinyi msimtilie maneno hayo mdomoni. Aliendelea kutetemeka kwa homa. Mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye sindano na chupa ya iyodi.

"Hapana," akasema. "Nipe vidonge."

Katika miaka yangu yote ya kazi, Masisi na Walikale, ndiye mtu wa pekee aliyeniomba vidonge. Nikampa vya kinini, akavimeza mbele yangu kimoja kimoja, bila maji, akiniangalia.